Matundu Yalikubali

Bodi ya saketi niliyoibuni ilirudi mezani kwangu ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla sijaufungua nilikwisha kuipata harufu. Anayeshinda na vifaa vya elektroniki hahitaji kuelezwa harufu ile.

Nikaiweka chini ya lenzi. Chipu ya mawasiliano, ya RS-485 (kiwango cha kupitisha data kwa nyaya mbili), ilikuwa na kitobo mgongoni, chembamba kama kilichochomwa kwa sindano ya moto. Pembeni yake kiunganishi kilisimama wima, miguu yake minne imelehemiwa vizuri kuliko ninavyolehemu mimi. Lehemu ilikuwa imepanda kwenye kila pini, inang'aa, imeizunguka pedi yote, ile shaba ya kulehemia, bila kuacha pengo.

Kazi safi kabisa.

Ila kiunganishi kilikuwa kimegeuzwa.

Nikampigia simu fundi aliyeifunga, maneno yangu nikiwa nimeshayapanga. "Kaka, ile bodi ya tatu, kiunganishi kimekaa kinyume."

Akanyamaza kidogo. "Mbona matundu yalikubali? Yalipokubali, nikajua na wewe umekubali."

Nikamjibu kitu, sikumbuki nini. Lakini sentensi ile nilikwenda nayo kulala, nikaamka nayo, na zaidi ya mwezi mzima haikunitoka.

## Unyayo mmoja, wageni wawili

Kila kipuri kwenye bodi kina unyayo wake: mpangilio wa pedi na matundu ambamo miguu yake inaingia. Kwa kawaida unyayo mmoja ni wa kipuri kimoja. Mimi nilikuwa nimechora unyayo wa vipuri viwili.

Nilifanya hivyo 2021, katikati ya ule uhaba wa vipuri ambao kila mtu wa fani hii anaukumbuka. Kiunganishi nilichokizoea, cha familia ya XH ya kampuni ya JST, nilikuwa nikikitafuta leo kipo, kesho hakipo. Kilichokuwa kikipatikana ni cha familia nyingine, chenye ukuta mmoja wa kufungia kichwa cha kebo. Nikajiambia: kwa nini bodi nzima ingoje kiunganishi? Nichore unyayo unaopokea vyote viwili, atakayefunga atumie alichonacho.

Bado naamini wazo lilikuwa zuri. Bodi inayokubali kipuri mbadala inaweza kutengenezwa wakati wa shida na kukarabatiwa miaka kumi baadaye, na aliye mbali na maduka makubwa ya vipuri anaweza kuifunga kwa alichonacho. Naijali sana hoja hiyo. Nimeona vifaa vizima vikitupwa kwa kukosa kiunganishi cha pini nne.

## Sehemu nne za mia za milimita

Nilitumia siku mbili nzima kwenye hesabu, na nataka nikuoneshe, maana hapo ndipo nilipojivunia.

XH ina nafasi ya milimita 2.50 kutoka pini hadi pini. Ile familia nyingine ina 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Tofauti ni 0.04 tu. Kwa jicho huioni. Lakini pini nne zina nafasi tatu, kwa hiyo tofauti inajikusanya hadi 0.12, na ukiweka kiunganishi katikati, kila pini ya mwisho inapotoka kwa 0.06.

Je, tundu la milimita 1.0 litaimeza? Pini ni ya mraba, 0.64 kila upande. Tundu ni la mviringo. Kinachogusa ukuta wa tundu ni kona ya pini, na ukipiga hesabu ya kona ya pini ya mwisho, inafika 0.497 kutoka katikati ya tundu. Ukuta uko 0.500.

Mikroni tatu.

Kwenye skrini inaingia. Mkononi ni jambo jingine, kwa sababu kiwanda hakikuahidi 1.0 kamili; ahadi ya kawaida ni 1.0 ikiongezeka au kupungua kwa kama 0.08. Bodi moja itakubali, nyingine itakataa, na fundi atasukuma kwa kidole gumba mpaka pini ijikune ukutani na kuparua ile shaba ya ndani ya tundu. Jeraha hilo halionekani, na hujitokeza baada ya miezi, kama mawasiliano yanayokatika kila bodi inapopata joto.

Kwa hiyo nikachora nafasi ya 2.52, katikati ya familia mbili, ili kila mmoja akosee nusu. Tundu nikalipanua hadi 1.1. Sasa kona mbaya kuliko zote inafika 0.474, na hata kiwanda kikikosea kwa kiwango chake cha juu, ukuta uko 0.51. Sampuli zilipofika nikakijaribu kila kiunganishi. Vilizama bila kusukumwa, kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Nilifurahi mno. Sikujaribu kuvigeuza.

## Kujitetea

Wiki ya kwanza nilisema kosa ni la ufungaji. Mchoro uko wazi, pini ya kwanza ina pedi ya mraba kama ilivyo desturi, mafundi wote wanaijua.

Wiki ya pili nikaanza kusema kwamba hata unyayo wa kawaida, wa kiunganishi kimoja, ungekubali kugeuzwa. Matundu manne kwenye mstari hayana mbele wala nyuma. Hoja hiyo ni kweli, ndiyo maana ilinifariji kwa siku kadhaa.

Halafu jioni moja nikaziweka bodi mbili kando kwa kando: toleo la zamani, la XH peke yake, na hili jipya. Nikaangalia wino mweupe, ule wa kuchorea alama juu ya bodi.

Kwenye toleo la zamani, wino ulifuata umbo la kiunganishi. Kiwiliwili cha XH hakikai sawasawa juu ya pini zake: upande mmoja kinatoka milimita 2.35, upande wa pili 3.4. Wino ulionesha hivyo, pamoja na zile nafasi mbili ndogo za kufungia. Ukikigeuza, kinauvuka mstari upande mmoja na kuacha uwazi upande wa pili. Jicho la fundi linakataa hata kabla hajafikiri.

Kwenye toleo jipya nilikuwa na maumbo mawili ya kuchora mahali pamoja. Yalipoingiliana yakawa vurugu ya mistari, nikaona haipendezi. Nikayafuta yote, nikachora mstatili mmoja wa kuyabeba yote mawili, na kuufanya mstari wa upande mmoja uwe mnene kuashiria mbele.

Fundi alikuwa na kiunganishi cha ile familia ya pili. Kina ukuta upande mmoja. Akaona mstari mnene. Akauweka ukuta kwenye mstari mnene, kumbe ulipaswa kukaa upande wa pili.

Mimi ningefanya vilevile.

Hapo ndipo nilipoacha kujitetea. Unyayo wa zamani ulikuwa na mlinzi ambaye sikuwahi kumtambua, na nilimwondoa nilipokuwa nikiwafungulia mlango wageni wawili. Kila nafasi niliyoiongeza ili kipuri mbadala kiingie ilikuwa pia nafasi ya kosa kuingia, na tundu halina namna ya kuvitofautisha.

## Nyaya zinazosomeka sawa pande zote

Swali la kwanza likawa la umeme: kama kiunganishi kinaweza kugeuka, nini kitokee kikigeuka?

Mpangilio wangu wa awali ulikuwa volti 24, hasi, A, B; A na B ndizo laini mbili za data. Ukiugeuza, volti 24 inatua kwenye laini B, na hasi inatua kwenye A. Kiwango cha RS-485 kinadai chipu ivumilie kutoka volti 7 chini ya hasi hadi 12 juu yake. Ishirini na nne inaitoboa, na kile kitobo mgongoni ndicho jibu.

Nikawaza kuweka umeme pembeni: volti 24, A, B, hasi, na dayodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye njia ya umeme. Ikigeuzwa, chanya na hasi zinabadilishana, dayodi inazuia, A na B zinapishana tu. Nilikwenda kulala nikiamini nimemaliza.

Asubuhi nikaichora tena kwa kalamu, na nikaona nilichokiruka. Dayodi inazuia umeme usipite kwenye njia yake tu. Hasi ya bodi sasa imeshikwa na volti 24 ya kebo. Laini A na B, ambazo kwa kebo ziko kati ya sifuri na tano, bodi inaziona ziko volti 19 hadi 24 chini ya hasi yake. Zile dayodi za ulinzi zilizoko kwenye A na B, nilizoziweka kwa nia njema, zinafunguka na kuusukuma umeme kwenye laini ya mawasiliano mpaka kwenye kifaa cha upande wa pili. Nilikuwa nimebuni njia ya kuunguza vifaa viwili badala ya kimoja.

Nakiri ilinitisha, maana mchoro ule ungepita mapitio yoyote. Kuna dayodi ya kuzuia umeme kugeuzwa, mkaguzi angeweka alama ya vyema na kuendelea.

Jibu lilikuja nilipoacha kung'ang'ania pini nne. Kuna maneno yanayosomeka sawa ukianzia kulia au kushoto: ada, ama. Pini tano zinaweza kupangwa hivyo. Hasi, A, volti 24, B, hasi. Geuza. Hasi inakutana na hasi, volti 24 iko katikati inakutana na yenyewe, na A na B zinapishana. Mawasiliano hayatafanya kazi, taa haitawaka, fundi atashangaa kidogo na kukigeuza. Hakuna kinachoungua.

Gharama yake ni pini moja zaidi, na kebo ambazo waya wake wa hasi unagawanyika mara mbili ndani ya kichwa. Hesabu ya matundu nayo ilibidi nirudie, kwa kuwa pini tano zina nafasi nne. Kwenye nafasi ya 2.52 kona ya mwisho inafika 0.482. Bado kuna nafasi ya kupumua.

## Kizuizi cha milimita 3.1

Kuzuia moshi hakukunitosha. Nilitaka pia mkono ukatae.

Baadhi ya viunganishi vya XH vina kichuchu kidogo cha plastiki chini, na ukikitobolea tundu lake, kiunganishi hakigeuki. Lakini hicho kinawazuia wenye kichuchu tu. Kisicho na kichuchu kinapita bila habari.

Nikachukua kalipa na kupima vyote viwili upya. XH: 2.35 upande mmoja, 3.4 upande wa pili. Kile cha familia ya pili kilikuwa karibu sawa pande zote, kama 2.9. Ina maana nikiweka kitu kigumu milimita 3.1 kutoka mstari wa pini, kwa upande wa mbele, XH iliyokaa sawa inapita, familia ya pili inapita, na XH iliyogeuzwa inagonga. Haiwezi kushuka. Inabaki imeinama, na hakuna fundi anayelehemu kiunganishi kilichoinama.

Kitu gani? Kwanza niliweka kapasita ya seramiki, kwa kuwa ilikuwa karibu. Halafu nikakumbuka kwamba seramiki ikibanwa hupasuka kimyakimya, na kapasita iliyopasuka kwenye njia ya umeme inaweza kugeuka kuwa njia fupi. Nikaihamisha. Mahali pake nikaleta fyuzi ya kujirudisha, ambayo ilipaswa kuwa karibu na lango la umeme hata hivyo. Kipuri kile kile, kazi mbili.

Kwa familia ya pili kizuizi hiki hakisaidii kitu, umbo lake halina upande. Kwa hiyo kwa familia hiyo ninategemea mpangilio wa nyaya, na wino. Safari hii nimechora maumbo yote mawili: moja kwa mstari mzima, jingine kwa vidoti, kila moja na herufi yake. Haipendezi. Nimeiacha hivyohivyo.

## Waliobaki nje

Baada ya hapo nikawa mgumu kwa wale waliokuwa wakiomba nafasi.

Pini tupu, zile zisizo na ganda, zina nafasi ya 2.54 na zingeingia bila shida. Nimezikataa kwenye orodha ya vipuri, kwa maandishi. Kebo inaweza kuchomekwa ikiwa imesogea pini moja, na hapo mpangilio wangu mzuri wa hasi-A-chanya-B-hasi hauna kinga: volti 24 inatua kwenye B. Tundu siwezi kulizuia lisizipokee, kwani unene wa pini ni uleule. Hilo linanikera mpaka leo.

Terminali za skrubu nilizikubali, ila kwenye mstari wao wenyewe wa matundu, milimita kadhaa nyuma. Wapo wanaochanganya zile za nafasi ya milimita 5.00 na 5.08 kwenye matundu ya duaradufu, na kwa miguu miwili mitatu inawezekana. Zile za 3.5 na 3.81 ni habari nyingine. Tofauti ni 0.31 kwa kila nafasi, na ukijaribu kuzikutanisha matundu yanaanza kuingiliana, keekee ya kiwandani inayumba au kukatika, na watu wa kiwanda wanakupigia simu kwa haki.

Kisha kuna mkondo. XH inabeba ampea 3 kwa pini. Terminali ya skrubu ya kawaida inabeba 10 na zaidi. Mtu akiona skrubu nene anaamini bodi nzima ni nene, ilhali njia za shaba zilipimwa kwa ajili ya XH. Nimeandika "3A" kando ya terminali, kubwa kuliko jina la bodi.

Mjadala wa kama uchore unyayo mmoja uliounganishwa au nyayo mbili juu kwa juu sitauingia sana. Nyayo mbili zinaisaidia orodha ya vipuri, kila kimoja kina jina lake. Lakini programu ya kuchorea bodi inalalamika kwamba vipuri vinagongana, na nimeona wenzangu wakiizima kanuni hiyo kwa bodi nzima ili kelele ziishe. Siku kipuri kingine kinagongana kweli, hakuna wa kusema. Mimi nachora mmoja, pedi zinazofanana zikiwa na namba moja.

## Kisa kilekile, umbo jingine

Nilipokuwa nikiandika haya nilifungua mchoro mwingine wa zamani, bodi ndogo yenye lango la Micro-USB. Nilikuwa nimepanga kuweka unyayo unaopokea pia USB-C, kwani aina hiyo, iliyotoka 2014, sasa imetawala, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024. Pedi zilikaa vizuri.

Pedi tu. USB-C inayopokea umeme inahitaji rezista ya kilo-ohmu 5.1 kutoka kila moja ya pini mbili za CC, zile za kutambulisha kifaa, kwenda kwenye hasi. Bila hizo, chaja yenye tundu la C haijui kwamba kuna kifaa, na haitoi umeme. Ajabu ni kwamba ukijaribu mezani kwa kebo ya kutoka USB-A kwenda USB-C, bodi inawaka vizuri, kwa sababu lango la USB-A linatoa umeme bila kuuliza. Utaondoka ukiamini mbadala wako umefanya kazi.

Nilikuwa nimeandika jina la lango kwenye mchoro wa saketi na kusahau kwamba kipuri kinapobadilika, saketi nayo inabadilika. Matundu yalikubali, tena.

## Bodi ya nne

Toleo jipya lilifika wiki iliyopita. Nilimpelekea fundi yuleyule bodi tano na mfuko wa viunganishi vilivyochanganywa, sikumwambia chochote kuhusu fyuzi.

Alinipigia jioni.

"Kaka, hivi vyeupe vidogo, kuna kitu kinavizuia upande huu."

"Umevigeuza?"

"Nimevigeuza, vikakaa. Nilidhani umekosea kuweka fyuzi karibu hivyo."

Nikamweleza. Akacheka, halafu akaniuliza kuhusu vile vya aina ya pili, mbona vinaingia kote kote. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa vile vya pili sijapata njia, atazame mstari wa vidoti.

"Basi hivyo nitavilehemu mwisho," akasema, "nikiwa sijachoka."

Nimeongeza maneno hayo kwenye maelekezo ya ufungaji: familia ya pili, lehemu mwisho.